Ndege ya Abiria Iliyozaliwa Vitani: Farman Goliath na Daftari la Fedha za Umma

Ipo hadithi inayopendwa sana katika vitabu vya biashara na katika semina za ujasiriamali. Inasema kwamba usafiri wa anga ulianzishwa na watu binafsi wenye maono na ujasiri, na kwamba serikali ilifika baadaye, kalamu mkononi, kukusanya kodi na kuweka vikwazo. Wanafunzi wangu huileta darasani mara kwa mara kama jambo lisilohitaji ushahidi. Watumishi wa umma nao huitumia kila unapozuka mjadala kama taifa linapaswa kumiliki shirika la ndege au kuliachia soko. Katika makala hii nakusudia kuipima hadithi hiyo kwa kufuatilia maisha ya ndege moja tu: Farman F.60, iliyopewa jina la Goliath, ndege ya Kifaransa yenye injini mbili iliyokuwa miongoni mwa ndege kubwa za kwanza kubeba abiria barani Ulaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Nimeichagua kwa sababu historia yake haifichi kitu. Kila hatua ya maisha yake inaonyesha nani alilipa, nani alinufaika na nani aliumia.

Tuanze na waundaji wake. Farman walikuwa ndugu watatu, Richard, Henri na Maurice, watoto wa mwandishi wa habari Mwingereza aliyeishi Ufaransa. Tarehe 13 Januari 1908, huko Issy-les-Moulineaux pembezoni mwa Paris, Henri alirusha ndege, akazunguka umbali wa kilomita moja na kurejea alikoanzia, jambo lililomfanya ashinde zawadi ya faranga 50,000. Hadi hapo hadithi ya mjasiriamali inasimama vizuri: kuna mtu binafsi, kuna kipaji na kuna zawadi iliyotolewa na matajiri wapenda michezo. Lakini kiwanda kikubwa cha Farman huko Boulogne-Billancourt hakikujengwa kwa zawadi. Kilikuzwa na vita. Kati ya 1914 na 1918 mnunuzi wake mkuu alikuwa jeshi, na jeshi lilinunua kwa fedha za walipa kodi na kwa mikopo ambayo vizazi vilivyofuata vingeilipa.

Mwaka 1918 Goliath ilichorwa ikiwa ndege nzito ya kudondosha mabomu, yenye uwezo wa kubeba kilo 1,000 za mabomu kwa umbali wa kilomita 1,500. Tarehe 11 Novemba mwaka huo bunduki zilinyamaza kabla ndege hiyo haijaingia vitani. Kiwanda kikajikuta na dubwana lisilo na kazi. Ndipo ukafanyika uamuzi uliokuwa rahisi kiufundi na mzito kihistoria: tumbo lililokusudiwa mabomu likafanywa chumba cha abiria.

Msomaji anayepanda ndege za leo angeshangaa kuiona. Ilikuwa na mabawa mawili ya ghorofa, yenye upana wa mita 26.5 kutoka ncha hadi ncha, yaliyoundwa kwa mbao na kufunikwa kitambaa. Injini mbili za Salmson, kila moja ikiwa na nguvu farasi zipatazo 260, zilikaa kwenye bawa la chini, kushoto na kulia. Abiria wapatao 12 waligawanywa katika vyumba viwili: wachache walikaa puani mwa ndege mbele ya madirisha makubwa, na wengine nyuma. Katikati, juu kidogo, alikaa rubani mahali palipo wazi, akipigwa na upepo na mvua wakati abiria wake wamejikunyata ndani katika viti vyepesi vya henzerani. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 120 kwa saa, mwendo ambao leo basi la mikoani hushikwa na trafiki likiufikia.

Tarehe 8 Februari 1919 rubani Lucien Bossoutrot aliirusha Goliath kutoka Toussus-le-Noble, karibu na Paris, hadi Kenley, kusini mwa London, akiwa na abiria 12. Ni miongoni mwa safari za mwanzo kabisa za abiria kati ya miji mikuu hiyo miwili. Lakini tutazame abiria wenyewe. Urukaji wa kiraia ulikuwa bado haujaruhusiwa, kwa hiyo abiria hao walikuwa wanajeshi, wakiwa katika sare na wakibeba hati za kutumwa kikazi. Kwa maneno mengine, safari inayosherehekewa kama mwanzo wa biashara ya anga ilifanywa kisheria kama kazi ya jeshi, ndani ya ndege iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi, ikirushwa na rubani aliyekuwa zao la vita.

Baadaye milango ikafunguliwa. Kampuni zikachipuka: Lignes Farman yenyewe ikaelekea Brussels, Compagnie des Grands Express Aériens na Compagnie des Messageries Aériennes zikashindana kati ya Le Bourget na Croydon. Goliath ikawa ndege iliyozoeleka katika njia hizo. Magazeti yakaisifu. Matajiri, wanadiplomasia, wafanyabiashara na watalii wa Kimarekani wakaipanda, kwa kuwa iliwafikisha kwa saa chache mahali ambapo treni na meli ziliwachukua sehemu kubwa ya siku.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, na naomba msomaji asiiruke. Injini mbili zilitoa jumla ya nguvu farasi zipatazo 520 ili kubeba abiria 12. Ni zaidi ya nguvu farasi 43 kwa kila abiria, hata ndege ikijaa. Na mara nyingi haikujaa. Majira ya baridi yalileta ukungu, na ukungu ulimaanisha safari kufutwa huku rubani, fundi na kiwanja vikiendelea kulipiwa. Injini za wakati ule zilihitaji kufunguliwa na kukarabatiwa baada ya saa chache za kazi. Moja ikizima angani, ya pili haikuwa dhamana ya kufika. Mara nyingi rubani alianza kutafuta shamba tambarare. Nauli ambayo ingerudisha gharama hizo zote isingelipwa hata na wengi wa matajiri wenyewe. Kwa mizani ya soko tupu, biashara hiyo ilikuwa maiti kabla ya kuzaliwa.

Haikufa kwa sababu serikali ya Ufaransa iliamua isife. Ilitoa ruzuku kwa kampuni za ndege, ikajenga viwanja na kusimamia huduma za hali ya hewa na mawasiliano. Sababu zake hazikuwa za kibiashara peke yake. Palikuwa na fahari ya taifa na hitaji la kuunganisha dola lenye makoloni. Na palikuwa na sababu ya kijeshi: marubani, mafundi na viwanda vilivyobaki hai wakati wa amani vingekuwa akiba siku vita vikirudi. Ndege ya abiria ilikuwa, kwa jicho la wizara, askari aliye likizoni.

Uingereza ilijaribu njia nyingine, na jaribio lake ni somo adimu, kwa maana historia mara chache hutupa nchi mbili zikishindana katika njia moja kwa sera zinazopingana. Machi 1920 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa vita na wa anga, alilieleza Bunge kwamba usafiri wa anga wa kiraia unapaswa kuruka kwa nguvu zake wenyewe na kwamba serikali haiwezi kuushikilia angani. Kauli hiyo ilikuwa nyepesi kukumbukwa na ngumu kutekelezwa. Kampuni ya Aircraft Transport and Travel, iliyokuwa imeanza safari za kila siku kati ya London na Paris tarehe 25 Agosti 1919, ilifunga shughuli zake Desemba 1920. Mwishoni mwa Februari 1921 kampuni za Uingereza zilizobaki nazo zikasimamisha safari. Kwa siku kadhaa njia ya London kwenda Paris ikawa mikononi mwa Wafaransa, wenye Goliath zao na ruzuku yao.

Serikali iliyokuwa imesema haitashikilia kitu angani haikuvumilia hata mwezi mmoja. Tarehe 19 Machi 1921 safari za Waingereza zilianza tena, safari hii kwa ruzuku ya muda. Mwaka 1924 kampuni zilizokuwa zikishindana ziliunganishwa kuwa Imperial Airways, ikaahidiwa ruzuku ya pauni milioni moja kwa miaka kumi. Hoja ya soko huru haikushindwa na mhadhara wala na mgomo. Ilishindwa na ratiba ya ndege za jirani.

Baada ya ndege na fedha, umma ulilipa pia gharama ya kanuni, na hii ililipwa kwa damu. Alasiri ya tarehe 7 Aprili 1922, karibu na kijiji cha Thieuloy-Saint-Antoine, kaskazini mwa Beauvais, Goliath ya Grands Express Aériens iliyokuwa ikitoka Paris iligongana na ndege ya Daimler Airway iliyokuwa ikitoka Croydon na barua. Palikuwa na ukungu na manyunyu. Marubani wa wakati ule, wakikosa njia nyingine ya kujua walipo, waliruka chini sana na kufuata barabara kwa macho. Wawili hao walikuwa wakifuata barabara moja kutoka pande mbili tofauti. Watu saba walikufa: katika Goliath rubani, fundi na abiria watatu; katika ndege ya Daimler rubani na kijana mhudumu. Ndiyo ajali ya kwanza kujulikana ya ndege mbili za abiria za kampuni za usafiri kugongana angani.

Wahusika walikutana Croydon baada ya ajali. Walisisitiza kwamba kila ndege ibaki upande wa kulia wa njia inayoifuata, na wakazungumzia njia rasmi na redio ndani ya ndege. Tuzingatie jambo moja. Mkataba wa kimataifa wa urukaji ulikuwa umetiwa saini Paris tarehe 13 Oktoba 1919, na wazo la kanuni za pamoja halikuwa geni. Kilichopungua kilikuwa chombo chenye nguvu, fedha na nidhamu ya kuzifanya kanuni hizo ziishi angani, siku ya ukungu, juu ya barabara ya kijijini. Kampuni moja peke yake isingeweza kulifanya hilo, kwa sababu usalama wa ndege yako unategemea mwenendo wa ndege ya mshindani wako. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziita kanuni kuwa ni urasimu. Nyingi ya kanuni zinazotukera leo ni makaburi yaliyoandikwa kwa lugha ya sheria.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba naandika utetezi wa serikali. Tuvuke basi Bahari ya Mediterania, kwa kuwa Goliath ilifika Afrika, na Afrika ndipo sura yake ya pili ilipoonekana.

Ilifika mapema. Agosti 1919 Bossoutrot na rubani mwenzake Coupet waliondoka Paris kwenda Casablanca, na kutoka huko wakaelekea Dakar, kuonyesha kwamba makoloni ya Ufaransa yangeweza kufikiwa kwa hewa. Ndege ilianguka kwenye ufuko wa Mauritania kabla ya kufika, na waliokuwemo wakanusurika. Safari hiyo ilihesabiwa kuwa ushujaa. Watu wa nchi walizopitia hawakuwa abiria wala washauri wake. Walikuwa mandhari ya chini.

Miaka mitano baadaye mandhari hiyo ikawa shabaha. Katika milima ya Rif, kaskazini mwa Morocco, wananchi chini ya Abd el-Krim waliwashinda Wahispania vibaya huko Annual, Julai 1921, kisha wakatangaza jamhuri yao. Hispania ilijibu, pamoja na mengine, kwa gesi ya sumu ya haradali, ambayo huunguza ngozi, macho na mapafu, na ambayo haichagui kati ya mpiganaji na mama aliyekwenda sokoni. Mkemia wa Kijerumani Hugo Stoltzenberg alisaidia utengenezaji wake. Hispania ilikuwa na ndege za Goliath za kijeshi. Ignacio Hidalgo de Cisneros, rubani ambaye baadaye aliongoza jeshi la anga la Jamhuri ya Hispania, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba katika kiangazi cha 1924 yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kudondosha bomu la kilo 100 la gesi hiyo, akiwa katika Goliath.

Tuisome tena sentensi hiyo tukikumbuka viti vya henzerani. Katika miaka ileile, ndege ya ukoo uleule iliwapeleka watalii Paris na kupeleka sumu Rif. Itifaki ya Geneva ya kupiga marufuku silaha za aina hiyo ilitiwa saini tarehe 17 Juni 1925, vita vya Rif vikiendelea. Abd el-Krim alijisalimisha kwa Wafaransa mwaka 1926 na kupelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Réunion. Kwa miongo mingi suala la gesi lilifunikwa, na hadi zama zetu wanaharakati wa Rif wamekuwa wakidai ukweli na fidia.

Sidai kwamba ruzuku ya safari za Paris na London ndiyo iliyonunua bomu la Rif. Dai hilo lingekuwa jepesi na si la kweli. Ninachosema ni kwamba kiwanda kilikuwa kimoja, ubunifu ulikuwa mmoja, na kilichokiweka hai kilikuwa oda za dola na ruzuku za dola. Sura ya kiraia na sura ya kijeshi zilikula chungu kimoja. Jeshi na wanamaji wa Ufaransa wenyewe walinunua Goliath za mabomu na za kubeba torpedo. Mlipa kodi wa Ufaransa aliyeambiwa kwamba anachangia maendeleo ya usafiri alichangia pia uwezo ambao yeye hakuulizwa utatumika wapi. Mwanakijiji wa Rif, ambaye hakuwa mlipa kodi wa Paris wala mpiga kura wa Madrid, alipelekewa matokeo kwa njia ya anga.

Mwisho wa mkasa huu nao una funzo. Kampuni zile mbili za njia ya London ziliungana mwaka 1923 kuwa Air Union. Mwaka 1933 Air Union, kampuni ya usafiri ya Farman na nyingine ziliunganishwa kuunda Air France, serikali ikiwa mwanahisa. Mwaka 1936 serikali ya Muungano wa Umma chini ya Léon Blum ilipitisha sheria ya kutaifisha viwanda vya silaha, na kiwanda cha ndege cha Farman kikaingizwa katika shirika la umma. Kwa hiyo iliichukua Ufaransa karibu miaka 18 tangu kumalizika kwa vita kukiri waziwazi kile ambacho vitabu vya hesabu vilikuwa vikikisema tangu mwanzo: kwamba umma ulikuwa mgharamiaji mkuu. Katika miaka hiyo yote hasara ilikuwa ya wote, na jina juu ya mlango lilikuwa la wachache.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu katika jambo hili. East African Airways iliundwa mwaka 1946 chini ya serikali za kikoloni, ikamilikiwa kwa pamoja baada ya uhuru, na ikasambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya iliyoibeba. Tangu hapo kila nchi imebeba ndege zake na mjadala wake. Upande mmoja husema shirika la umma ni mzigo. Upande wa pili husema ni fahari ya taifa. Historia ya Goliath inanishawishi kwamba pande zote mbili zinajadili swali la pili kabla ya kujibu la kwanza. Kwamba umma utalipa, hilo karibu halina ubishi. Hata Uingereza ya Churchill ililipa. Swali la kwanza ni kama umma unajua unalipia nini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ruzuku ni mali. Daftari ninalolidai lina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza uonyeshe kiasi kilichotolewa na kusudi lililotajwa: kama ni kuunganisha mikoa iliyo mbali, tuone mikoa hiyo; kama ni utalii, tuone watalii; kama ni ulinzi, Bunge lijue. Ukurasa wa pili uonyeshe nani hasa hukaa katika viti hivyo, kwa kuwa si haki mkulima asiyepanda ndege maishani mwake kumlipia nauli mwenye uwezo bila kuelezwa yeye anapata nini. Ukurasa wa tatu, ambao Ufaransa na Hispania za miaka ya 1920 hazikuuandika kamwe, uonyeshe nani anaweza kuumizwa na uwezo tunaoujenga, hata akiwa mbali na hana kura kwetu.

Kwa wanafunzi, ninapendekeza zoezi: chukueni teknolojia yoyote inayosifiwa leo kuwa ni ushindi wa mtu binafsi, kisha fuatilieni ankara zake za miaka kumi ya mwanzo. Kwa wanaharakati, msiishie kudai shirika lirudi au libaki mikononi mwa umma. Daini na daftari. Na kwa watumishi wa umma, ambao ndio washika kalamu, kumbukeni ukungu wa Thieuloy-Saint-Antoine. Kanuni iliyokuwa imeandikwa Paris haikuwasaidia wale saba, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu aliyelipwa, aliyefunzwa na aliyekuwa kazini kuisimamia.